Gerardina na Mwaka Uliookolewa

Kila Januari, nguruwe wakishachinjwa na soseji zikishatundikwa darini, wazazi huanza kubisha hodi kwangu. Nimestaafu, lakini mji wetu ni mdogo na mwalimu wa mji mdogo hastaafu. Huja na chupa ya mafuta ya zeituni, huja na keki, wakakaa ukingoni mwa kiti kama watu waliokuja kuposa.

"Mwalimu Tuccia, huyu wetu ana miaka mitano tu, lakini akili yake, usiombe! Anasoma mpaka majina ya maduka. Tumwandikishe sasa, aokoe mwaka?"

Aokoe mwaka! Nikisikia neno hilo damu hunichemka. Kwani huo mwaka umetumbukia kisimani? Basi huwapa kahawa, huwaambia watulie, halafu huwasimulia habari za Gerardina. Wengine hunywa kahawa yangu, wakafuta machozi, wakashukuru sana, wakaenda kumwandikisha mtoto vilevile. Sikio la kufa halisikii dawa.

Gerardina alizaliwa nyumba ya pili kutoka kwetu, mwezi wa Machi, mimi nikiwa nimeshatimiza mwaka mmoja tangu Januari. Kumbukeni hilo, maana ndilo jambo lenyewe. Mama yake, Bi Incoronata, alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mikono ya kazi na mdomo usiocheka hovyo. Baba yake, Canio, alikuwa Uswisi akijenga. Wanaume wetu wengi walikuwa huko. Walilala kwenye mabweni ya mbao, wanane chumba kimoja, mke na mtoto hawaruhusiwi kwenda, na walirudi Krismasi na masanduku yaliyofungwa kamba. Januari wakaondoka tena. Gerardina alikuwa akimjua baba yake kwa harufu ya tumbaku kuliko kwa sura.

Bi Incoronata alikuwa na hesabu yake kichwani. Mtoto atasoma, atakuwa mwalimu, mshahara wa serikali utaingia nyumbani kila mwezi, na siku hiyo Canio atapanda treni ya kurudi asiende tena. Hesabu nzuri, nani angeikosoa? Mimi mwenyewe nilikuja kula mshahara huohuo. Lakini akaona hesabu ina njia ya mkato.

Masista walikuwa na chumba nyuma ya kanisa, wakipokea watoto wa miaka mitano. Mtoto akisomeshwa humo mwaka mzima, Juni hupelekwa shule ya serikali kufanya mtihani mbele ya walimu wawili. Akifaulu, Oktoba huingia darasa la pili moja kwa moja, wakati wenzake wa rika lake ndio kwanza wanaingia la kwanza. Mji mzima uliona fahari. Mwenye mtoto aliyepita kwa masista alitembea sokoni shingo juu. Mwenye mtoto aliyengoja umri wake aliulizwa, "Vipi, mgonjwa?"

"Huyu akili yake ni wembe," Sista Veneranda alimwambia Bi Incoronata. "Utamweka nyumbani mwaka mzima ahesabu kuku?"

"Samaki mkunje angali mbichi," wakasema majirani, na mama yangu akiwemo, ila mimi umri wa shule nilikuwa nimeshautimiza, nikawa nimekunjwa tayari.

Basi Gerardina akaenda kwa masista. Juni akafanya mtihani. Akasoma ukurasa, akajumlisha, akakariri shairi fulani la mbayuwayu bila kuvuta pumzi, akafaulu. Bi Incoronata akagawa lozi za sukari nyumba kwa nyumba kama mwenye harusi. Oktoba tukaingia darasa la pili pamoja, nikawekwa naye dawati moja kwa kuwa ni majirani.

Nakumbuka miguu yake. Yetu ilifika chini, yake ilining'inia. Na mtoto ambaye miguu yake inaning'inia hatulii, atatuliaje? Huibembeza, huikunja, hatimaye huteleza na daftari likaanguka. Mwalimu alimpiga rula ya vidole kwa sababu ya miguu. Kusoma alijua kunishinda mimi! Lakini tukiandika imla, sisi tumemaliza sentensi, yeye bado anaminya kalamu kama anakamua mbuzi. Akikosea hulia. Sisi tulikuwa tumeshaacha kulia darasani, kwa hiyo tulicheka.

"Maziwa hayo! Mleteeni maziwa!" wavulana walikuwa wakimzomea.

Krismasi hiyo Canio akaja. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye utani hata na kuku. Shule ilipofunguliwa Januari, kabla hajaondoka, akamsindikiza binti yake, akachungulia darasani.

"Hee! Mwanafunzi yuko wapi? Mbona naona dawati limemmeza mtu?"

Tukacheka, na Gerardina naye akacheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake mle ndani. Jioni Canio akachukua mbao za sanduku la ndizi, akazipiga randa, akamtengenezea kibao cha kuwekea miguu, chini amebandika ngozi kisikwaruze sakafu. Wakati akipiga misumari nilikuwa palepale jikoni kwao nikila tini kavu, nikamsikia akimwambia mkewe, "Lakini mama, huyu bado mdogo. Kwani tunakimbizwa na nani?"

"Tunakimbizwa na miaka yako," Bi Incoronata akamjibu. "Akimaliza mwaka mmoja mapema, na wewe unarudi mwaka mmoja mapema. Kumaliza kwake ndiko kurudi kwako. Au umepapenda huko kwa Waswisi?"

Canio akashusha nyundo. Alimtazama mtoto, na mtoto alikuwa amesikia kila neno. Kuanzia siku ile Gerardina alijua anasomea nini. Hakusomea kuwa mwalimu. Alikuwa akimvuta baba yake kwa kamba, darasa kwa darasa.

Alikibeba kibao kile kila siku, kwapani. "Gerardina na fanicha zake!" tulimtania. Akakibeba mpaka darasa la tano, miguu ilipofika chini, na siku hiyo akakiacha nyumbani bila kumwambia mtu. Mtu angedhani mambo yameisha hapo. Alikuwa akishika nafasi ya katikati, hachekwi tena sana, na Bi Incoronata alikuwa akisema, "Mnaona? Mwaka tumeuweka mfukoni."

Mimi nimefundisha darasa la kwanza miaka karibu arobaini, na ninawaambia, pengo lile haliondoki kwa miguu kufika chini. Hujificha. Hungoja mahali pagumu.

Mahali pagumu palikuwa chuo cha ualimu, kule mji mkubwa bondeni. Tulianza mimi nina miaka kumi na minne, yeye kumi na mitatu. Tulipanda basi alfajiri, tukiwa tumebeba mkate na pilipili zilizokaangwa. Huko kulikuwa na Kilatini, kulikuwa na hesabu za herufi, kulikuwa na walimu waliotuita "ninyi mabibi" na kutegemea tuwe mabibi kweli. Sisi wengine tulikuwa tumeshavunja ungo, tunasuka nywele mbele ya kioo cha basi, tunanong'onezana habari za wavulana. Gerardina alikuwa bado kifua ubao, begini ana mwanasesere wa kitambaa, amemficha chini ya kamusi. Nilimwona, sikusema. Akiulizwa swali alisimama, akafungua mdomo, akageuka mwekundu, akakaa.

Juni yakabandikwa matokeo. Gerardina aliahirishiwa Kilatini na hesabu, arudie mtihani Septemba. Kiangazi kile chote, sisi tukienda mtoni, yeye alikuwa dirishani na kitabu. Mama yake alimletea mayai mabichi ya kuongeza akili. Alikonda mpaka pete ya komunyo ikawa inamvuka kidoleni. Septemba akaenda kufanya mtihani, wakamwangusha. Arudie mwaka.

Nilikuwa naye mbele ya ubao wa matokeo. Hakulia. Aliweka kidole juu ya jina lake, akakitelezesha polepole mpaka kwenye neno lile, akarudia, kama mtu anayepapasa kitambaa kabla ya kununua.

"Tuccia," akaniambia, "baba sasa atarudi lini?"

Jumapili Bi Incoronata alimpigia mumewe kutoka kwenye simu ya baa, na sauti ya Canio ilikuwa kubwa, kila aliyekuwa akinywa kahawa alisikia.

"Mtoto yuko hapo? Mpe. Gerardina! Usilie, mwanangu, unasikia? Mwaka mmoja ni kitu gani! Mimi huku nimeshazoea hata kukoroma kwa wenzangu. Soma taratibu. Mimi nitakungoja."

"Ndiyo, baba," akasema Gerardina, akarudisha simu kwa mikono miwili.

Sasa sikilizeni ajabu. Alirudia mwaka ule, na akawa wa kwanza. Wa kwanza! Kilatini alikuwa akikitafuna kama karanga. Mwanasesere akabaki nyumbani, kifua kikaota, sauti ikatoka. Wasichana wa darasa lake jipya walikuwa wa mwaka wake mwenyewe, wengine wadogo zake kwa miezi, na hao ndio wangekuwa wenzake tangu mwanzo laiti angeachwa ahesabu kuku. Mwalimu wa Kilatini alishika kiuno: "Huyu ndiye yule?" Ndiye yule, bwana. Mungu hakumshushia ubongo mpya wakati wa kiangazi. Alikuwa amerudishwa kwenye umri wake, basi. Na mimi niliyejiona kichwa kuliko yeye miaka yote ile, nilikuwa na nini? Nilikuwa na mwaka na miezi miwili. Tungebadilishana tarehe za kuzaliwa, leo yeye angekuwa anakaa kwenye kiti hiki akisimulia habari zangu.

Lakini mweleze Bi Incoronata. Nilipomwambia kuwa Gerardina anaongoza darasa, aliendelea kukanda unga. "Anaongoza darasa alilotakiwa kuwa ameshalipita," akasema. "Baba yake kule anakula theluji."

Mimi nikamaliza chuo nikiwa na miaka kumi na minane, Julai. Nyumbani walipika makaroni, wakafungua divai, watu wakajaa. Bi Incoronata alikuja kunipa mkono, hakukaa, alisimama mlangoni na kitambaa chake cheusi. "Hongera, Tuccia," akasema. Halafu, kwa sauti ya kawaida tu, "Leo Canio angekuwa ndani ya treni." Gerardina alikuwa nyuma yake amebeba sahani ya biskuti. Alibakiza mwaka mmoja. Mmoja tu, na alikuwa anaongoza, na hakuna aliyekuwa na shaka kuwa Julai inayofuata makaroni yatapikwa kwao.

Februari Canio akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi lililoganda barafu.

Jeneza lilikuja na treni, treni ileile aliyokuwa akingojwa nayo, lakini lilishushwa mlango wa mizigo. Theluji ilikuwa imefika magotini. Wanaume walilipandisha mlima mabegani, wakalilaza jikoni, mahali alipopigilia misumari ya kile kibao, na wanawake tukaketi kuzunguka.

Kwetu, wakati ule, mjane alikuwa analia kwa maneno. Anafungua nywele, anashika leso kwa mikono miwili, anayumba kulia na kushoto, anaongea na maiti. Anamwambia yote: kofia yako iko msumarini, divai uliyoiziba haijafunguliwa, nani atapogoa mizeituni. Wengine wanaitikia kwa kuguna. Na ilikuwa sheria kubwa kuliko ya padri: maneno ya kilio hayajibiwi. Ameambiwa marehemu, hukuambiwa wewe. Yanafukiwa pamoja naye. Hata mjane akitaja deni lako, akitaja hawara yako, unainamisha kichwa, unanyamaza, na kesho hakuna aliyesikia. Ndivyo tulivyodai.

Bi Incoronata alilia tangu asubuhi. Sauti ilikuwa imekatika, imebaki kama msumeno. Akafika kwenye miaka. Akaihesabu miaka ya Uswisi, mmoja mmoja, akiyumba. Halafu akasema:

"Canio wangu, ungekuwa hapa! Tangu Julai ungekuwa hapa, ungekuwa unaota moto na paka. Mwaka mmoja, Canio, mwaka mmoja niliokuwekea! Niliuokoa kwa mikono yangu, na mwanao ameula. Mwanao ameula mwaka wako, Canio!"

Wanawake wakaguna, kwa mazoea. Kisha wakakatiza kuguna, maana wameelewa. Gerardina alikuwa amekaa miguuni mwa jeneza, ana miaka kumi na saba, mikono mapajani. Alimtazama mama yake huku yeye mwenyewe akitikisa midomo kidogo, kama mtu anayerudia somo ili asilisahau. Hakujibu. Hakuna aliyejibu. Nami nilikuwepo, na mdomo wangu huu usio na breki ulikaa kimya, kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Mazishi yakaenda vizuri, watu wakasema.

Baada ya siku za matanga, basi la alfajiri lilisimama, wasichana wakapanda, Gerardina hakutokea. Juma zima hakutokea. Nikaenda kwao. Alikuwa anapukuchua maharage kwenye beseni.

"Shoga, mtihani ni Julai! Imebaki miezi hii michache tu. Wewe ukifanya umefumba macho unafaulu."

"Najua."

"Sasa?"

"Nikimaliza, Tuccia, namalizia nani?"

"Jimalizie wewe! Mamako atakula nini?"

"Atakula. Nitafanya kazi." Akaendelea na maharage. "Mimi sikuwahi kujisomea, wewe wajua. Mtu niliyekuwa namvuta ameshafika."

Nilimsihi, nilimtukana, nilimwita punda. Mkuu wa chuo alituma ujumbe mara mbili. Bi Incoronata naye alikuwa jikoni palepale ametupa mgongo, anakoroga sufuria, hakusema nenda, hakusema usiende. Neno moja tu kutoka kwenye mgongo ule lingetosha, na halikutoka.

Akaenda kufanya kazi kwenye tanuri la mikate la mtaa wa juu. Novemba ya mwaka uliofuata tetemeko lilipotupiga, nyumba nyingi zilianguka na watu wetu wengi tuliwazika. Chumba cha masista nacho kilianguka, hakikuwa na mtu ndani, na Mungu anisamehe, hicho sikukililia. Tanuri lilisimama. Gerardina akaoka mikate ya mji mzima tulipokuwa tunalala kwenye mahema, na baada ya mahema akaendelea kuoka. Alikuwa na mikono ya mama yake na utani wa baba yake, ila utani aliutumia kwa watoto tu. Walipopita asubuhi kwenda shule aliwapa vipande vya mkate wa mafuta. Gerardina alimwuliza aliye mdogo kabisa kati yao, "We mzee, umetimiza miaka mingapi?" Akijibiwa sita, alisema "Vizuri." Akijibiwa mitano, alimwongezea kipande.

Palikuwa na fundi bomba, mtu wa heshima, alimtaka. Alimjibu kuwa ana mama. Wakaishi wawili, mama na mwana, miaka na miaka. Hawakugombana hata siku moja. Laiti wangegombana! Nyumba ya watu wanaogombana ina madirisha wazi. Ile yao ilikuwa safi, kimya, na kila kitu kimewekwa mahali pake.

Mimi sikuweza kuvumilia. Agosti moja, tulikuwa uani kwangu tunachemsha nyanya za kuweka kwenye chupa, mimi na Bi Incoronata peke yetu, Gerardina amekwenda kuleta kuni. Wakati huo alikuwa ameshapita miaka sabini. Nikamwambia, "Bi Incoronata, lile neno ulilosema kwenye msiba wa Canio, mfutie mwanao. Limemkaa kooni miaka yote hii."

"Neno gani?"

"La mwaka. Kwamba ameula mwaka wa baba yake."

Akanitazama. Alikuwa ameshika mwiko, nyanya zikidondoka.

"Nilisema mimi?"

"Ulisema, mbele ya mtaa mzima."

"Sikumbuki," akasema, na naapa hakuwa akisema uongo; uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa kuna chumba nyumbani kwake asichokijua. "Siku ile sikuwa mimi, Tuccia. Hata nani alikuja, sikumbuki. Ningemwambiaje mtoto neno kama hilo?" Akakoroga kidogo. "Kwani angekuwa ameumia, si angeniambia?"

Nikamwambia Gerardina jioni ileile. Nilidhani ninampelekea zawadi. Mamako hakumbuki, nikamwambia, halikuwa neno lake, ni kilio tu kilichosema. Na kwanza ni uongo, wewe hukula mwaka wa mtu, wewe ndiye uliyeibiwa mwaka ukiwa na miaka mitano, ukaja ukaudai, ukarudishiwa, basi! Nililia mimi, yeye hakulia. Aliniwekea mkono begani, unga mpaka kwenye kiwiko.

"Maneno ya kilio hayajibiwi, Tuccia. Usimuulize tena, atasikitika. Kama yeye amesahau, vizuri. Nitakumbuka mimi."

Yakaisha hivyo. Ninyi mnaopenda hadithi ambazo watu hukumbatiana mwishoni, poleni.

Kisha akili ya Bi Incoronata ikaanza kuondoka. Kwanza akasahau chumvi, halafu majina, halafu tetemeko. Akawa anaamka asubuhi anauliza kwa nini mnara wa kanisa umehama. Gerardina aliacha kazi ya tanuri akawa naye mchana kutwa. Alimkalisha kwenye kiti cha mikono mbele ya jiko la kuni la sebuleni, na kwa vile kiti kilikuwa kirefu na mama mwenyewe alikuwa amesinyaa, miguu yake ikawa inaning'inia. Gerardina akapanda darini akashuka na kile kibao cha Canio. Ngozi ya chini ilikuwa imeliwa na panya. Akakifuta, akakiweka chini ya miguu ya mama yake.

Februari iliyopita nilikwenda kuwaona, nimebeba soseji. Nje kulikuwa na theluji. Gerardina, ambaye kichwa chake sasa ni cheupe kuliko changu, alikuwa amechutama anachochea moto. Mama akaamka usingizini, akamtazama muda mrefu, akauliza kwa sauti kali ileile ya zamani:

"Gerardina. Umemaliza shule?"

Nikataka kusema kitu chochote, habari za soseji, habari za theluji. Gerardina alikuwa bado amechutama, chuma cha kuchochea kimo mkononi. Akakilaza chini taratibu.

"Nimemaliza, Mama."

"Umemaliza mapema?"

"Mapema, Mama. Mwaka mzima."

"Ehe," akasema Bi Incoronata, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo wa kuni. "Basi baba yako arudi."

"Yuko njiani. Ameshapanda treni."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaendelea kumtazama mwanawe pale sakafuni, na uso wake ukalegea, ukawa uso ambao mimi, jirani wa miaka sitini, sikuwahi kuuona. Akaondoa miguu yake kwenye kibao, mmoja, halafu wa pili. Akakisukuma kwa kidole cha mguu mpaka kikamfikia Gerardina.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Weka miguu. Umechoka, na bado mdogo."

Gerardina akavuta kiti, akakaa mbele yake. Akaweka miguu yake yote miwili juu ya kibao, na viatu vyake vya nyumbani, magoti yakapanda juu kwa kuwa kibao ni cha mtoto. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, bila kujifunika, kama alivyolia darasa la pili tukamcheka, na mama yake akampigapiga goti akimwambia anyamaze, baba akija asimkute na macho mekundu.

Mimi nilikwenda jikoni kukata soseji. Nilikata zote, hata zile za kuwawekea kesho.